Barua ya Ufadhili Huanzia Nyumbani



Katika vikao vyetu vya akina mama, swali moja limekuwa likirudi kila mara: "Binti yangu asema kuna chuo ng'ambo kitakachomsomesha mpaka shahada ya uzamivu bila sisi kutoa hata senti. Ni kweli, au ni ulaghai? Na ikiwa ni kweli, nimwache aende?"

Swali hili ni mawili ndani ya moja. Aghalabu majumbani mwetu hujibiwa la pili kabla la kwanza halijaeleweka, na barua ya kukubaliwa hulazwa kabatini mpaka muda wake ukapita. Kwa hiyo leo twalijibu kwa mpango.

La kwanza: ni kweli. Mwanafunzi wa uzamivu si sawa na wa shahada ya kwanza anayekaa darasani kupokea. Yeye hutafiti, huandika, na mara nyingi hufundisha walio chini yake. Chuo chanufaika naye, nacho chamlipa. Uholanzi, Uswidi na Norwe, wengi wa wanafunzi hawa huajiriwa kwa mkataba na mshahara. Marekani, vyuo vingi humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho kwa kazi ya kufundisha au ya maabara. Kando ya hayo ipo mifuko maalumu ya ufadhili: Fulbright ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946, DAAD ya Ujerumani, yenye ofisi Nairobi, Gates Cambridge ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 2000, na Türkiye Bursları ya Uturuki. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, nayo ina mpango kwa jamii za Waislamu walio katika nchi zisizo wanachama wake, na Kenya ni mojawapo ya nchi hizo.

Ufadhili ukiitwa kamili, kwa kawaida hubeba ada, posho ya kila mwezi, bima ya afya na tiketi ya ndege. Wala kwa kawaida si mkopo. Anayeikimbia riba hana sababu ya kuukimbia ufadhili. Lakini masharti na yasomwe mpaka mstari wa mwisho. Anayekwenda kwa Fulbright, kwa mfano, hutakiwa arejee nyumbani kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Na mara nyingine kamili si kamili: gharama ya viza, ya mitihani ya lugha na ya miezi ya mwanzo kabla posho haijafika huweza kubaki mabegani mwa nyumba. Ni bora hesabu hiyo ipigwe mapema kuliko kuchangisha kwa haraka wiki ya safari.

Ulaghai nao upo. Alama yake kubwa ni fedha: mtu asiyejulikana anayekuahidi nafasi ukimtumia "ada ya usajili" kwa simu, huyo ni mwizi. Kuomba Türkiye Bursları, kwa mfano, ni bure. Vipo vyuo vinavyotoza ada ndogo ya maombi, lakini hulipwa kwa chuo chenyewe kupitia tovuti yake, wala si mkononi mwa wakala.

Sasa, hupatikanaje? Wengi hudhani ni alama za juu peke yake. Alama hufungua mlango, lakini kinachomwingiza mtu ndani ni swali alilonalo. Anayeandika kwamba ataka kuisaidia jamii yake amesema lililosemwa na maelfu. Anayeandika kwamba visima vya mtaa wake vimeanza kutoa maji ya chumvi, naye ataka kujua bahari yaingia kwa njia gani na kwa kasi gani, huyo amesema lake. Pwani yetu haijapungukiwa na maswali ya namna hiyo: mikoko ya Lamu na Gazi, uvuvi wa Vanga, hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, afya ya wazazi katika vijiji vilivyo mbali na hospitali. Mtoto aliyelelewa akisikia mambo haya yakizungumzwa sebuleni ana mtaji ambao wa mbali hana.

Baada ya swali hutafutwa msimamizi: mwalimu wa chuo cha ng'ambo anayelifahamu jambo hilo, aandikiwe barua fupi yenye adabu, baada ya kuyasoma maandiko yake. Huenda wa kwanza asijibu, wala wa tano. Kisha waalimu wawili au watatu wa kumshuhudia mwombaji, waombwe miezi kadhaa kabla. Ushahidi ulioandikwa usiku mmoja hujulikana. Mtihani wa lugha kama IELTS hukubaliwa kwa miaka miwili, basi usifanywe mapema mno wala kwa kuchelewa. Na kalenda ishikwe: vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwezi wa Disemba kwa masomo ya mwaka unaofuata, na Uturuki kwa kawaida hupokea kuanzia tarehe 10 Januari hadi tarehe 20 Februari. Umri nao huhesabiwa: Uturuki hutaka mwombaji wa uzamivu awe chini ya miaka 35. Mwenye kusubiri mpaka "mambo yatulie" huenda akakuta miaka imekwisha kumpita.

Twarudi kwa swali la pili, lililo zito zaidi: nimwache aende?

Hofu ya mzazi hatuidharau. Mama anayejiuliza binti yake ataishi na nani, ataswali wapi, ataolewa lini, hauizi elimu ya mwanawe, atekeleza amana. Wala safu hii si mahali pa kutolea fatwa. Suala la safari ya mwanamke na maharimu limezungumzwa sana na wanavyuoni, na kila nyumba ina sheikh inayemwamini. Tunalolisisitiza ni wakati wa kuuliza. Sheikh na aulizwe kabla ya maombi kutumwa, binti mwenyewe akiwapo, ili jawabu liongoze uchaguzi wa nchi na mji. Akiulizwa baada ya barua kufika, swali huwa si la elimu tena. Huwa ni mvutano wa baba na binti, na mmoja wao lazima aumie.

Hofu ikitangulizwa hugeuka kuwa orodha ya kazi. Mji upi una msikiti na jamii ya Waislamu? Kuna jamaa karibu? Chuo kina makazi ya wanawake peke yao? Ikiwa ameolewa, mume aweza kuandamana naye? Ipo mifuko, kama Gates Cambridge, inayotoa nyongeza kwa mwenye watoto. Na tusiifanye ndoa kuwa adui wa elimu. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu, aliipata Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, hali ameolewa.

Maswali hayo na aulizwe mvulana pia. Yeye naye ataswali wapi, na atarudi na nini? Mara nyingi humpa mtoto wa kiume mkono wa kwaheri bila kumwuliza lolote.

Na barua ikija ya kukataa? Marehemu Profesa Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Alipofanya mtihani wa sekondari hakupata alama za kutosha, na Makerere ikamkatalia. Akafanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, mpaka akapata ufadhili wa kwenda Uingereza kukamilisha masomo ya sekondari. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na uzamivu Oxford mwaka 1966. Naye aliingia Makerere ileile iliyomkataa, akiwa mwalimu, na baadaye profesa.

Basi wiki hii, baada ya Isha, mkae na mwana wenu mwenye hamu hiyo, wa kike au wa kiume. Mwulizeni ataka kujua nini, na kwa ajili ya nani. Mwambieni mnachokiogopa, bila ya kuficha. Kisha naye mpeni nafasi aseme, mkimsikiliza mpaka amalize.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya kheri, na awarejeshe kwetu na elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.