Askari Asomaye Apewe Saa Yake

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo makambini husemwa kwa sauti ya chini. Wapo miongoni mwenu, wanaume kwa wanawake, waliokwisha kupata shahada ya kwanza, na ambao sasa wanatamani shahada ya pili hali wangali kazini. Baadhi yao hukusudia kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya ng'ambo, hasa Marekani, na huko hukutana na mtihani wa kuingilia uitwao GRE. Watu hawa huficha vitabu vyao kana kwamba wameviiba, kwa kuogopa kuchekwa na wenzao au kudhaniwa na wakubwa kuwa wameichoka kazi. Sisi twaona kwamba hofu hiyo haifai kuendelea.

Yafaa kwanza tuufahamu mtihani wenyewe, kwa maana adui asiyejulikana huonekana mkubwa kuliko alivyo. Mtihani huu ulianza Marekani mwaka 1936, nao siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, ukawa wa saa 1 na dakika 58. Mtahiniwa huandika insha moja kwa dakika 30, kisha hujibu maswali 27 ya lugha ya Kiingereza na maswali 27 ya hesabu. Hesabu hizo hazipiti zile za shule ya sekondari. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo ni kosa kuliacha swali lolote wazi. Matokeo yake hudumu miaka mitano, na kwa sababu hiyo askari aweza kuufanya leo na kuomba chuo baada ya kurudi kutoka kazi ya mbali.

Hata hivyo, vyuo vingi siku hizi havidai tena mtihani huu. Kwa kuwa ada yake hupita dola 200 za Marekani, mwenye nia aulize kwanza chuo anachokitaka kabla ya kutoa hata senti moja.

Sasa tufikie shina la maneno yetu. Wengi hawashindwi kwa uzito wa maswali. Hushindwa kwa namna wanavyougawa wakati. Askari husema, "Nitasoma nikipata likizo." Likizo inapofika, jamaa wanamngoja, shamba linamngoja, na vitabu vyasomwa kwa pupa katika siku chache za mwisho. Mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu mwenyewe, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba yaliyorudiwa kidogo kidogo kwa siku nyingi hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa siku moja. Saa moja kwa siku, siku sita kwa juma, kwa majuma 16, ni saa 96. Hakuna likizo itakayompa askari saa 96 zenye utulivu kama huo.

Mtu atatuuliza: saa ipi, hali zamu hugeuka kila juma? Jibu letu ni kwamba askari asiifunge saa yake kwenye saa ya ukutani, bali aifunge kwenye kuamka kwake. Akiamka alfajiri, asome alfajiri. Akikesha lindoni na kulala asubuhi, asome atakapoamka alasiri. Asijaribu kamwe kusoma mara baada ya kutoka zamu ya usiku. Macho yatapita juu ya maneno, na akili haitashika kitu. Alale kwanza.

Wenye mtihani hutoa bure mitihani miwili kamili ya kujipimia. Wa kwanza ufanywe mwanzoni kabisa, ili udhaifu ujulikane. Wa pili uwekwe hadi majuma mawili kabla ya siku yenyewe. Kila kosa liandikwe katika daftari pamoja na sababu yake. Na kwa kuwa kambini twazungumza Kiswahili kutwa, kila siku asome pia ukurasa mmoja wa Kiingereza kizito.

Wako wasemao kwamba kazi ya askari ni bunduki, wala si kalamu. Hao na wamkumbuke Dwight Eisenhower. Kati ya mwaka 1922 na 1924, akiwa ofisa kazini Panama, mkubwa wake Fox Conner alimpa vitabu na kumhoji juu ya kila alichosoma. Baadaye, kabla ya kuingia chuo cha maofisa cha Leavenworth, alitafuta maswali ya miaka iliyopita akajizoeza. Alipokuwa chuoni alijiwekea saa mbili na nusu za kusoma jioni, kisha akalala, hali wengi wakikesha. Mwaka 1926 alimaliza wa kwanza kati ya maofisa 245. Twaomba msomaji atazame pia upande wa mkubwa wake, ambaye hakumcheka.

Lakini haki haiendi bila wajibu. Kitabu lindoni ni kosa, na askari anayesoma wakati wa ulinzi anawauza wenzake waliolala kwa kumtegemea. Saa ya masomo itolewe katika maongezi ya kantini na katika redio, isitolewe katika doria. Wala asiwatwike wenziwe zamu zake kwa kisingizio cha mtihani.

Kwa upande wa makamanda na wakuu wa vituo, maombi yetu ni machache, nayo hayahitaji fedha. Orodha ya zamu itangazwe juma moja mbele, na isigeuzwe pasipo dharura. Chumba kimoja chenye taa kiachwe kimya kwa saa mbili kila jioni. Aliyetoa taarifa mapema ya siku ya mtihani asipangiwe zamu usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtu aliyelipa ada kwa mshahara wa askari, akasoma miezi minne, kisha akaingia chumba cha mtihani akisinzia, amepoteza zaidi ya fedha. Huenda asijaribu tena.

Iko siku kila mmoja wenu atarudisha bunduki ghalani na sare stoo. Elimu pekee ndiyo haitadaiwa irudishwe. Basi anayetaka kuitafuta aanze kesho aamkapo, na aliye juu yake amwachie saa hiyo moja.