Inhela bila mafunzo ni fedha inayoishia kooni

Mfanyabiashara mwenye pumu anayevuka Busia au Rusumo hununua inhela pale ile ya zamani ilipomwishia. Duka la dawa la upande wa pili humpa iliyopo rafuni, na mara nyingi si ile aliyoizoea. Anaambiwa "mara mbili asubuhi, mara mbili jioni", anapewa chenji yake, basi. Hakuna anayemwomba aonyeshe anavyoivuta. Watu hulalamikia bei, na kweli bei ni kubwa, lakini kunyamaza huku kwa muuzaji kunawagharimu zaidi.

Kidonge kikimezwa kimefika. Dawa ya kuvuta hufika mapafuni ikiwa tu mkono, mdomo na pumzi vimekwenda pamoja. Inhela ya kubonyeza, ile yenye kichupa cha gesi, hutaka pumzi ya polepole. Hutikiswa kwanza, mgonjwa hutoa hewa kifuani, hubana midomo vizuri, hubonyeza akiwa ndio anaanza kuvuta, huendelea kuvuta taratibu mpaka kifua kijae, kisha hushikilia pumzi kama sekunde 10. Inhela ya unga haitaki hivyo. Haina gesi ya kuisukuma dawa, kwa hiyo mgonjwa lazima avute kwa nguvu na kwa haraka, na asipulizie pumzi ndani yake maana unga utalowa.

Aliyezoea moja akipewa nyingine bila maelezo ataitumia kama ile ya kwanza. Ya gesi ikivutwa kwa pupa, dawa hugonga koo na kumezwa. Ya unga ikivutwa kwa ulegevu, dawa hubaki ndani ya kifaa. Mzigo umelipiwa wote, umeshushwa njiani.

Asilaumiwe mgonjwa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Chest, yaliyokusanya tafiti za miaka 40 hivi, yalikuta watu 31 tu kati ya 100 wakitumia inhela sawasawa, na hali haikuwa imeboreka katika muda wote huo. Hesabu hiyo inazijumuisha nchi zenye hospitali nzuri na fedha nyingi. Na wauguzi, madaktari na wafamasia wakipimwa, wengi wao pia hukosea hatua hizo hizo.

Madhara yake hayaishii kifuani. Masokoni kuna usemi kwamba pampu "inazoesha", kwamba aliyefika kwenye pampu amefika mwisho. Uvumi huo unapata nguvu kila mgonjwa anapobonyeza mara sita bila nafuu kwa sababu dawa haikushuka. Anairudia ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, na kuiacha ile ya kinga, ambayo ndiyo inayotuliza uvimbe wa njia za hewa na inayotakiwa kila siku hata kama kifua ni chepesi. Wengine hurudi kwenye vidonge. Wanaobaki na shida kubwa zaidi ni wale wenye ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na sigara, moshi wa kuni au vumbi la miaka mingi la kazi. Mapafu yao hayana akiba ya kupoteza.

Tiba ya tatizo hili ni dakika chache na swali moja: "Hebu nionyeshe." Mgonjwa afanye, arekebishwe, afanye tena. Na lirudiwe kila anapokuja, kwani watu husahau. Wenye maduka watasema foleni ni ndefu. Foleni hiyo hiyo ina mtu aliyerudi kununua inhela ya pili kabla ya mwezi kwisha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mwaka 2012 mpango wa kuoanisha usajili wa dawa. Ni kazi nzuri, ila dawa iliyosajiliwa bila mtu kujua kuivuta ni nusu ya kazi. Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 137, unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wake. Basi karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi iwe na Kiswahili na michoro. Na vituo vya pamoja vya mipakani, vinavyokagua kadi ya homa ya manjano, vikose nini kubandika bango moja la hatua za kuvuta dawa?

Kwa anayeshindwa kulinganisha mkono na pumzi, hasa mtoto, kuna chupa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili inhela ikae imebana bila kuvuja, iliwafungua watoto vifua sawa na kifaa cha kununua. Kikombe cha plastiki hakikufanya vizuri. Kila muuguzi wa kituo cha afya angefundishwa kuitengeneza, gharama ingekuwa bei ya soda.

Lipo pia la hesabu, ambalo wafanyabiashara hawahitaji kufundishwa. Inhela nyingi za gesi zina dozi 200 na nyingine hazina kihesabio. Anayetumia nne kwa siku atazimaliza siku ya 50. Baada ya hapo kichupa kinaweza kuendelea kutoa gesi isiyo na dawa ya kutosha, na sauti yake ni ile ile. Tarehe ya kuanza iandikwe kwenye boksi, na itazamwe kabla ya kukata tiketi ya basi.