Bao la kujifunza lina mwisho wake

Wadau, kuna watu watakwambia bao ni bao tu: mashimo 32, kete 64, umle mwenzio mpaka aishe. Mimi nakataa. Kucheza na kijana aliyejua kuhesabu kete juzi na kucheza na mzee aliyezeekea ubaoni ni michezo miwili. Ukiingia kote kwa mtindo mmoja, huku utashinda bila kujifunza kitu, na kule utafungwa bila kujua umefungwaje.

Wazee walilijua hilo, ndiyo maana wakatuwekea ngazi. Ya kwanza ni bao la kujifunza. Kila shimo lina kete mbili, mnaanza kula moja kwa moja. Hapo unazoesha macho na vidole: kete zitaishia wapi, zitaokota nini, zitazunguka mara ngapi. Mwenye tamaa anafaidi sana, anakula kila anachokiona.

Ngazi ya pili ni bao la Kiswahili. Unaanza na kete 10 tu ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 unabaki nazo mkononi ukizinamua moja moja. Hapa swali si "nile ngapi?" tena. Swali ni "nikila hizi, namwachia nini?" Nyumba uitunze mpaka lini, uivunje saa ngapi? Na kwa kuwa kula ni lazima, fundi anaweza kukuwekea kete mbili za chambo, ukazila huku unajiona mjanja, kumbe umehamisha mzigo wako mbele ya mdomo wake. Yule mwenye tamaa ya ngazi ya kwanza anafungwa kete zikiwa bado mkononi.

Wapenzi wa gemu za kompyuta wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Chukua Civilization IV ya mwaka 2005, ile yenye wimbo wa Kiswahili "Baba Yetu" wa Christopher Tin uliopata Grammy mwaka 2011. Ina ngazi tisa, kuanzia Settler hadi Deity. Kwenye Noble, wewe na mashine mko karibu sawa. Ukipanda zaidi ya hapo, mashine haiongezewi akili, inaongezewa upendeleo: inajenga na kugundua mambo kwa gharama nafuu kuliko wewe, na kule juu kabisa inaanza na watu wengi zaidi. Ukishindana nayo kujenga kila ajabu la dunia umekwisha. Inabidi uache vingine, ubadilishane maarifa na majirani, umchague mmoja wa kumpiga mapema.

Kwa hiyo kabla hujabadili mbinu, jiulize ugumu unatoka wapi. Mashine imebebwa, basi usishindane nayo pale ilipobebwa. Mzee hajabebwa na mtu. Ana kete 32 kama zako, isipokuwa anaona mbali. Huyo dawa yake ni kuzoea kulitazama bao kutoka upande aliokaa yeye.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tuna shule nyingine jirani kabisa. Vuka mto Kagera pale Murongo, uingie Uganda, utakuta omweso. Safu ni nne zilezile na kete 64 zilezile, lakini mchezaji anazipanga zake anavyotaka kabla ya kuanza. Aliyekariri mianzo ya bao la Kiswahili anabaki anashangaa. Aliyeelewa kwa nini anacheza anavyocheza atapata pa kuanzia.

Sasa linaloniudhi. Kijana akisogea kijiweni, mafundi wanamkalisha moja kwa moja kwenye bao la Kiswahili, wanamfunga mara tano, wanamcheka, anaondoka. Kesho yupo kwenye kubeti, na wazee walewale wanalalamika kwamba vijana hawana habari na mila. Jamani, mlimpa nafasi gani? Mpeni kwanza bao la kujifunza. Akihamia kwenye kunamua, kila akifungwa mwonyesheni kete moja tu iliyomponza. Kufungwa kwa namna hiyo kunafundisha.

Na wewe kijana, usigeuze ngazi nyepesi kuwa makazi. Ushindi mtamu wa kila siku dhidi ya mtu yuleyule, au dhidi ya simu uliyoiwekea kiwango cha chini, unakulea vibaya. Ukishinda mara tatu mfululizo, tafuta wa kukufunga.

Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na ubaoni hata rais anapewa kete 32 kama mwingine yeyote. Usawa huo utakuwa na maana tu kama kijana naye anafundishwa kuzitumia zake. Fundi asiyeacha fundi nyuma yake, mimi namhesabu kuwa mshindi tu.

Huo ni mtazamo wangu. Wanaobisha, karibuni.