Mfalme, Bunge na Watu wa Eldas

Mithali yasema: Asiyekuwapo na lake halipo. Katika mambo ya serikali mithali hiyo ina maana kubwa, na historia ya Uingereza yaonyesha jinsi watu walivyopigania haki ya kuwapo pale ambapo shauri la kodi na sheria zao hukatwa.

Hapo kale Mfalme wa Uingereza alitoza kodi na kufunga watu kwa amri yake. Mwezi wa Juni mwaka 1215, huko Runnymede, wakubwa wa nchi walimlazimisha Mfalme John kukubali Hati Kuu, iliyosema kwamba mtu huru asikamatwe wala kufungwa ila kwa hukumu ya halali. Mwaka 1265 wajumbe wa miji waliitwa barazani pamoja na wakubwa. Lakini hati peke yake haikutosha. Tangu mwaka 1629 Mfalme Charles I alitawala miaka 11 pasipo kuita Bunge. Alipoishiwa fedha ilimbidi aliite tena. Ugomvi ukageuka vita, na mwaka 1649 alikatwa kichwa. Mwaka 1688 James II aliikimbia nchi, nao William na Mary walipewa ufalme kwa masharti yaliyotiwa katika sheria mwaka 1689: Mfalme asitangue sheria, asitoze kodi, wala asiweke jeshi wakati wa amani, bila idhini ya Bunge. Malkia Anne, mwaka 1708, ndiye wa mwisho kukataa sheria iliyopitishwa na Bunge. Hivyo Mfalme alibaki na heshima, na madaraka yakawa kwa mawaziri wanaojibu mbele ya wajumbe wa watu.

Wengi wamesahau kwamba Kenya nayo ilipata kuwa nchi ya namna hiyo. Tangu tarehe 12 Disemba 1963 hata tarehe 12 Disemba 1964, Malkia Elizabeth II alikuwa Malkia wa Kenya huru. Gavana Mkuu, Bwana Malcolm MacDonald, alikaa mahali pake, lakini walioamua mambo ni Waziri Mkuu, Bwana Jomo Kenyatta, na mawaziri wenzake.

Jambo la kwanza zito katika mwaka huo liliwahusu watu wa kaskazini mashariki, ambako Eldas iko. Wakati wa ukoloni wilaya zile zilikuwa zimefungwa, mtu asiingie wala kutoka bila kibali, na sheria ya mwaka 1934 ilimpa Mkuu wa Jimbo uwezo wa kukamata watu wa kabila zima na kutwaa mifugo yao. Mwezi wa Mei 1963 wakazi wengi walisusia uchaguzi, kwa kuwa walitaka kuungana na Somalia. Kwa hiyo sauti yao Bungeni ilikuwa dhaifu sana. Kabla mwezi wa Disemba haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa katika sehemu yao kwa jina la Malkia, na kwa shauri la mawaziri.

Vita vya Shifta vilikoma mwaka 1967 baada ya mapatano ya Arusha. Ufalme ulikuwa umekwisha, na Kenya ilikuwa jamhuri yenye Rais. Lakini amri za hatari hazikuondoka pamoja na Malkia. Zilidumu mpaka mwaka 1991. Katikati ya muda huo, mwezi wa Februari 1984, askari wa serikali waliwakusanya wanaume katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi walikufa. Hesabu yao inabishaniwa hata leo. Basi yaonekana wazi kwamba kubadili jina la mtawala si sawa na kumwekea mpaka.

Mpaka huo umeandikwa katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 58 chasema kwamba hali ya hatari haiwezi kupita siku 14 bila idhini ya Bunge la Taifa. Kuirefusha mara ya kwanza kwahitaji thuluthi mbili za wajumbe, na kila mara baadaye robo tatu; wala hairefushwi zaidi ya miezi miwili kwa mara moja. Mahakama ya Juu nayo yaweza kuamua kama tangazo ni halali. Vilevile, kodi haitozwi ila kwa sheria.

Chini ya Katiba hiyo majimbo ya uchaguzi yaliongezwa kutoka 210 hadi 290, na Eldas ikawa mojawapo.  Tarehe 4 Machi 2013 watu wa Eldas walichagua mjumbe wao wa kwanza. Lakini kiti peke yake hakitoshi, kama vile hati ya Runnymede haikutosha. Mfugaji na karani wa Eldas wana kazi ya kujua mjumbe wao alipiga kura gani, na kumwuliza akirudi nyumbani.