Kitako cha Kabati Nacho Kina Haki Yake

Makabati ya jikoni ninayoyaona siku hizi katika nyumba zetu za Mombasa, mengi ubao wake wa mbele umeshuka wima hadi sakafuni. Kwa macho yanapendeza. Lakini muulizeni mama apikaye. Vidole vyake hugonga ubao, basi husimama mbali, na kutwa nzima huinama kuyafikia masufuria. Kitako kikirudishwa ndani sentimita 7 au 8, na kimo chake kiwe kama sentimita 10, nyayo hupata pa kuingia na mgongo ukanyoka.

Kuna na maji. Sisi sakafu twaziosha kwa ndoo. Ule ubao wa vumbi la mbao lililoshindiliwa, hata ukivikwa fomaika, ukinywa maji hufura, na ukishafura haurudi tena. Mchwa nao hupenda palipo giza na unyevu. Wazee wetu makasha yao ya nguo waliyaweka juu ya miguu; upepo ulipita chini na ufagio ukafika.

Kwa hivyo jikoni mimi nachagua miguu mifupi, mbele yake ubao mwembamba wa kuchomoa wakati wa kuosha. Fundi atasema ni kazi zaidi. Naam, na alipwe. Kabati la nguo, ambalo mtu halisimamii kwa muda, kitako chake chaweza kuwa sawasawa na mlango, bora kiwepo, mlango usije ukakwaruza zulia.

Haya mwambieni fundi kabla ya kumpa arubuni, kwani mbao zikishakatwa atataka bei nyingine.