Minori hakuwa mwema, aliogopa

Leo mtanichukia. Kila msee aliyemaliza Toradora! anamlilia Minori, eti alijitoa kwa ajili ya rafiki. Mimi? Zii.

Rudi episodi ya 19, usiku wa Krismasi. Minori anamwona Taiga nje kwenye baridi, pekupeku, analia akiita jina la Ryuuji. Baadaye usiku huohuo Ryuuji anakuja kumwambia Minori anampenda, na kabla hata hajafungua mdomo, ashakataliwa. Hapo ndipo mnapiga makofi. Lakini si Ryuuji alistahili kumaliza sentensi yake? Na Taiga je, aachiwe mtu kama sweta ya dadake mkubwa? Minori aliwaamulia wote peke yake. Ami alimchokonoa kuhusu hilo waziwazi, na bado nyinyi mnamwita Ami mbaya.

Hii tabia naijua kwa sababu niliifanya. Mwaka wa kwanza kampasi, kabla niache masomo, nilipenda dem mmoja, nikaskia beshte yangu pia anamtaka. Nikanyamaza, nikajiona shujaa. Hawakuwahi kuwa pamoja. Dem akaniuliza mbona nilianza kumkwepa, nikabaki nikicheka tu kama mjinga. Nilipomwambia beshte nilichofanya, alikasirika kweli. "Kwani nilikuomba?"

Angalau Minori, karibu na mwisho wa zile episodi 25, anafunguka na kusema kwa sauti kwamba alimpenda Ryuuji. Mimi yule dem hadi leo sijamwambia.