Mnunuzi mmoja, antene moja: shida ni ile ile



Miye ni agronome. Kazi yangu ni mbegu, udongo na magonjwa ya muhogo. Lakini msimu uliopita, katika kijiji kimoja cha Masisi, niliona mama mmoja akipanda kilima na simu mkononi akitafuta rezo. Alitaka kujua kama mfanyabiashara wa Goma amemtumia franga za maharagi yake. Zilikuwa zimetumwa, lakini kwa laini ya kampuni ambayo haina antene pale. Ilibidi kijana wake apande pikipiki mpaka sentere kuzitoa. Nauli, pamoja na zile alizokatwa kibandani, zikala sehemu nzuri ya faida. Tangu siku ile nasema: jambo la simu ni jambo la shamba.

Sisi walimaji tunalijua vizuri. Kama kijijini anafika mnunuzi mmoja tu mwenye Fuso, bei ni yake, kilo ni yake, hata siku ya kulipa ni yake. Njo maana tulianzisha koperative. Kwa simu iko vile vile. Kule Goma kampuni zinashindana, kila siku utasikia bei mpya ya megabaiti. Kwetu, toka Nyabiondo kushuka mpaka misitu ya Walikale, kwingi unakuta antene moja, ao hakuna kabisa. Mashindano yanaishia pale lami inapoishia.

Sasa tazameni juu. Televisheni ilifika Walikale bila njia na bila antene ya kampuni ya simu: parabola, dekoda, jenereta, na watu wanaangalia mpira. Leo intaneti nayo inatoka angani. Machi 2024 serikali ilikataza Starlink. Mei 2025 ARPTC, mamlaka inayosimamia simu, ikaipa ruhusa. Tena wanaouza televisheni wanauza intaneti, na wenye simu wanauza picha. Biashara zimechanganyika sawa vile maharagi na mahindi katika shamba moja, lakini walinzi wa shamba wangali wawili: ARPTC ya mwaka 2002 kwa simu, CSAC ya mwaka 2011 kwa redio na televisheni.

Wenye antene watasema: sisi tunabeba mazutu juu ya njia mbovu, vita vinaharibu mitambo yetu, na huyu wa angani anauza bila kusimamisha hata nguzo moja. Wana haki kidogo. Lakini malalamiko yao yasigeuke ukuta wa kutufungia sisi tusiokuwa na chochote. Mtu akikataa kuleta Fuso yake kijijini, asimzuie mwenzake kuleta yake.

Maoni yangu ni haya: kazi moja, sheria moja. Anayeuza intaneti, iwe kwa antene, kwa waya ao toka angani, alipe wajibu unaolingana. Sheria ya simu ya tarehe 25 Novemba 2020 inataka kuwe na mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, ili rezo ifike hata pale ambapo faida ni ndogo. Wote wauchangie, na mchango huo uonekane Pinga na Itebero, si katika miji tu. Pili, antene zigawanywe. Koperative tatu zinaweza kutumia depo moja. Kampuni tatu nazo zinaweza kutumia mnara mmoja na jenereta moja. Hapo mazutu hayawi tena kisingizio. Tatu, franga zitoke laini moja kwenda nyingine bila kuadhibiwa.

Hilo la tatu si ndoto. Tanzania, toka mwaka 2014, kampuni zilianza kukubaliana kupokezana pesa za wateja wao. Kenya, mwaka huo huo, mamlaka ya ushindani iliiambia Safaricom isiwafunge mawakala wa M-Pesa kwa kampuni moja tu. Kibanda kimoja kiweze kuhudumia wengine pia. Safaricom haikufa. Mpaka leo ni kubwa.

Mtaniuliza: nani atasikia mulimaji wa Masisi? Kumbukeni RAM. Mwaka 2020 uniti zetu zilianza kukatwa kwa jina la kuandikisha simu. Watu walipiga kelele, wabunge wakauliza maswali, na mwaka 2022 tozo ile ikaondolewa. Haikuondoka yenyewe.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo. Kila koperative ifungue kayé moja. Muandike: siku rezo ilipopotea, franga zilizokatwa wakati wa kutuma na kutoa, kilometa mtu alizotembea, mavuno yaliyooza kwa kukosa habari ya bei. Miezi tatu inatosha. Kisha tuunganishe makayé ya Masisi na ya Walikale, nakala moja iende kwa administrata wa teritori, nyingine kwa wabunge wetu, nyingine kwa ARPTC.

Tulipoanza kupima mavuno kwa mizani yetu wenyewe, wanunuzi waliacha kutudanganya kilo. Tupime na rezo pia.